Mafukizo na mafuta ya mahekalu ya Misri ya kale: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Utasikia watu wanasema makuhani wa Misri walifukiza hekaluni ili kuficha harufu ya damu na nyama za sadaka. Siyo kabisa. Kwao harufu nzuri ilikuwa ya mungu mwenyewe, akiingia mahali unamjua kwa kunukia, na kwenye kuta za hekalu la Hatshepsut, malkia aliyetawala kama farao, pale Deir el-Bahari imechongwa habari ya mama yake, malkia Ahmose, kuamshwa usingizini na harufu ya mungu Amun. Kuta za hekalu hilohilo zinaonyesha meli zikirudi kutoka nchi ya mbali ya Punti na miti hai ya uvumba, mizizi ndani ya vikapu, yaani watu walibeba miti mizima baharini kwa ajili ya harufu tu, halafu mtu aniambie walikuwa wanaficha uvundo!

Wengine wanadhani moshi ulikuwa wa waumini waliojaa ndani kama ibada zetu za leo. Raia wa kawaida hakufika huko ndani. Alfajiri kuhani anavunja muhuri wa udongo, anafungua mlango wa kijumba cha mungu, anafukiza, anaisafisha sanamu na kuivisha, kisha anaipaka mafuta kwa kidole kidogo cha mkono wa kulia.

Na hayo mafuta msiyafikirie kama pafyumu ya chupa. Hawakuwa na spiriti wala mitambo ya kukamua manukato kwa mvuke, walichofanya ni kuloweka maua, magome na utomvu kwenye mafuta ya mbegu za mti wa jamii ya mlonge, au kwenye shahamu ya wanyama. Kaburi la farao Tutankhamun lilipofunguliwa 1922 ndani ya mtungi mmoja zilionekana alama za vidole vya wezi wa zamani waliochota mafuta, maana yalikuwa mali hasa, na marhamu ya kaburi hilo iliyopimwa 1926 ilikutwa asilimia kama 90 ni mafuta ya mnyama na iliyobaki utomvu.

Halafu siyo ubani na manemane peke yake. Walitumia sana utomvu wa mti wa ukoo wa pistachio, ile meli iliyozama Uluburun, Uturuki, karne ya 14 KK ilikuwa na karibu tani nzima ya utomvu huo.

Sasa kyphi, mchanganyiko wa kufukiza wa Wamisri, hii ndo wauzaji wanaitangaza kama siri iliyopotea. Mapishi yake yamechongwa kwenye kuta za mahekalu ya Edfu na Philae! Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, naye alitaja vitu 16, vikiwemo asali, divai, zabibu, manemane na iliki, vinasagwa na kukandwa pamoja, kwahiyo iko karibu zaidi na udi wetu wa kupika na sukari kuliko ubani mkavu. Anasema asubuhi walichoma utomvu, mchana manemane, jioni kyphi. Wala haikuwa ya hekaluni tu, papirusi ya Ebers, maandishi ya tiba ya Wamisri ya kama 1500 KK, inaelekeza namna ya kuitumia kunukisha nyumba na nguo.