Saladi ya Uyoga: Maswali Ninayoulizwa Kila Mvua Zikianza

Mvua zikishaanza mwezi wa 11 huku Nyanda za Juu Kusini, uyoga wa porini unauzwa kwa ndoo na visado kando ya barabara ya Tanzam, hasa kati ya Mafinga na Makambako. Ni chakula kizuri na sina neno nacho. Kinachoniumiza mimi nesi ni wagonjwa wa sumu ya uyoga wanaotufikia hospitali wakati hatuna tena la kufanya.

Uyoga una faida gani mwilini?

Karibu asilimia 90 yake ni maji. Kinachobaki kina protini kiasi, nyuzinyuzi, potasiamu na vitamini za kundi B, mafuta ni kidogo sana. Mwenye presha au anayepunguza uzito unamfaa, mradi asiumwagie chumvi. Hauchukui nafasi ya maharage wala dagaa.

Kwenye saladi nautia mbichi au nimeupika?

Upike. Uyoga mbichi una ukuta mgumu ambao tumbo halimudu kuusaga vizuri, ndiyo maana wengi hujaa gesi. Chukua mamama au uyoga mwingine uliolimwa, suuza haraka bila kuuloweka, uchane vipande. Weka kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti kwenye kikaango, moto uwe wa kutosha, tia uyoga na usiufunike. Utatoa maji mengi. Acha yakauke yote mpaka kingo zianze kuwa kahawia, kama dakika 8 hadi 10, ndipo utie kitunguu saumu na chumvi kidogo. Epua, uache upoe kabisa, kwa sababu ukiuchanganya wa moto mboga zote zinanyauka.

Nyanya, karoti, tango na kabichi zioshe moja moja kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kukata. Bustani nyingi za mabondeni zinamwagiliwa maji ya vijito vinavyopita kwenye makazi ya watu, na homa ya matumbo inapita hapohapo. Changanya na uyoga uliopoa, kamulia limau, halafu mwisho kabisa weka parachichi la Rungwe au Njombe lililoiva lakini halijalegea. Iliwe mara moja. Ikibaki mezani zaidi ya masaa mawili, imwage. Hiyo ya kuweka kiporo cha saladi kabatini hadi kesho naomba tuiache.

Uyoga wa porini je? Si ndio mtamu zaidi?

Mtamu kweli, na wapo wazee Iringa na Mbeya wanaoujua tangu utoto. Hao nawaheshimu. Lakini wewe uliyehamia juzi, au uliyeonyeshwa mara moja na jirani, hujui. Baadhi ya uyoga unaoliwa kwenye miombo yetu una ndugu zake wenye sumu ya kuua, wanaofanana nao kwa kofia na rangi. Uyoga mwingi wa sumu kali una kikombe chini ya shina, na mchumaji akikata shina juu ya udongo, kikombe kinabaki ardhini. Ukifika kwenye kisado, hata mjuzi anakosa pa kuutambulia. Kama humjui mchumaji, au yeye haujui uyoga wake, nunua uliolimwa.

Nikiuchemsha sana na kumwaga maji, sumu si inatoka?

Hapana. Sumu inayoua ini haivunjwi na moto. Haiondoki kwa kuchemsha mara tatu, kwa kuanika juani wala kwa kukaanga hadi ukauke. Kofia moja inatosha kumuua mtu mzima, achilia mbali mtoto.

Na kama uyoga umeliwa na konokono au wadudu, au kitunguu nilichopika nao hakikubadilika rangi, si ni salama?

Hapana. Konokono ana mwili wake, wewe una wako. Kitunguu hakipimi sumu. Kipimo cha jikoni cha kutambua uyoga wa sumu hakipo, na anayekufundisha kimoja anakuweka hatarini.

Nilikula jioni, tumbo limeanza usiku wa manane. Bado ni uyoga?

Ndiyo, na huo ndio mwenendo unaotutisha zaidi. Sumu hii hujificha saa 6 hadi 12 tangu ule, wakati mwingine hata 24. Umekula saa 1 jioni, saa 9 usiku ndipo unaanza kutapika na kuharisha maji. Watu wanalaumu maziwa ya asubuhi, wanalaumu malaria, wananunua dawa duka la dawa, na uyoga hautajwi kabisa. Utaje! Hata tumbo likianza ndani ya saa moja au mbili, njoo vilevile, kwani chungu kimoja kinaweza kuwa na aina mbili za uyoga.

Kutapika kumekoma. Nimepona?

HAPANA. Kama utakumbuka jibu moja, liwe hili. Baada ya siku moja au mbili za kutapika na kuharisha, mgonjwa anapata ahueni, anakunywa uji, mtoto anatoka nje kucheza. Nyumbani wanasema Mungu mkubwa. Muda huohuo ini linaharibika. Siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, mtoto anaanza kuweweseka, ndipo analetwa. Mama ananishika mkono: "Nesi, jana si alikuwa anacheza?" Alikuwa anacheza, mama. Siku ile tungeweza kumpa dripu, kupima ini na kumpeleka rufaa mapema.

Kwa hiyo nikijisikia nafuu nisubiri kidogo nione?

Hapana tena. Nafuu baada ya kula uyoga wa porini ni sababu ya kukimbia hospitali, si ya kubaki nyumbani. Usisubiri kupambazuke kama usafiri upo. Usisubiri baba arudi atoe ruhusa.

Nimpe maziwa, mafuta ya kula au maji ya chumvi atapike?

Usimpe. Hakuna kimoja kinachozuia sumu hii, na kumtapisha mtoto aliyelegea ni kumfanya avute matapishi kwenye mapafu. Mkaa wa jikoni uliosagwa nao si dawa. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe maji ya ORS kidogo kidogo mkiwa njiani.

Wenzake waliokula lakini hawaumwi?

Waje wote, hata aliyeonja mchuzi tu. Sumu haiwaanzi watu wote saa ileile.

Tuje na nini?

Uyoga uliobaki, mbichi na uliopikwa, hata maganda ya jalalani, ukiwa umefungwa kwenye karatasi. Kwenye mfuko wa plastiki unaoza haraka na hautambuliki. Njoo na saa mliyokula, saa ya kutapika mara ya kwanza na majina ya wote waliokula. Mkifika mapokezi, neno la kwanza liwe "uyoga", kabla hamjaulizwa chochote.