Faili kufunguka si hoja: programu, kamera na lensi zetu

Ujumbe umenifikia tena, safari hii kutoka kwa mpiga picha wa harusi mwenye kazi nzuri na kamera mpya: "Yakhe, programu yangu inaisapoti kamera hii, kwani faili zinafunguka." Nimekwisha kulijibu jambo hili mara nyingi kwa maneno machache na kwa upole. Leo nalijibu kwa urefu, na upole nitaujaribu.

Faili ghafi (RAW, yaani data ya kamera kabla ya kupikwa kuwa picha) ikifunguka, jambo moja tu limethibitika: programu ya kuhariri picha imeweza kuufumbua mgandamizo wa data na kuzipata namba zilizotoka kwenye sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Namba hizo bado si picha. Kila pikseli ina thamani ya rangi moja tu, nyekundu, kijani au buluu, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976 (Fujifilm wana mpangilio wao, X-Trans, nami sitaugusa leo). Ili namba hizo ziwe kanzu nyeupe na mikono yenye hina, programu inahitaji kujua weusi huanzia namba gani, weupe huishia namba gani, na wekundu unaoonwa na sensa hii hugeuzwaje kuwa wekundu unaoonwa na jicho. Mambo hayo hupimwa na watu kwa kila modeli ya kamera. Yasipopimwa, programu nyingine hukataa faili, na nyingine hukisia bila ya kukwambia kwamba imekisia.

Nataka kukaa kwenye kikomo cha weupe, kwa sababu hapo ndipo wenzangu wengi wa Unguja wanapoharibikiwa na kazi kisha wakailaumu kamera. Kamera ya biti 14 inaweza kuandika namba kuanzia 0 hadi 16,383, lakini sensa nyingi hujaa kabla ya kuifikia namba hiyo ya juu, na kiwango cha kujaa hutofautiana kwa modeli na pengine hata kwa ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga. Sasa chukua mchanga wa Paje saa saba mchana, picha imeungua kwa mwanga uliozidi, rangi zote tatu zimejaa na zote zimeandikwa namba ileile, tuseme 15,000. Programu isiyojua kuwa 15,000 ndio mwisho hudhani kuwa bado pana nafasi. Huzidisha nyekundu na buluu kwa ajili ya mizani ya weupe, yaani ili cheupe kionekane cheupe, nazo hupita kikomo na kukatwa, ilhali kijani, ambayo kwa kawaida haizidishwi, hubaki chini kidogo. Matokeo yake ni mchanga wa rangi ya waridi, na pahala pa mchanga unaweza kuweka kanzu ya bwana harusi aliyesimama juani. Waridi hiyo haitokani na sensa mbovu, wala lensi iliyoletwa kutoka Dubai haihusiki nayo hata chembe. Ni namba moja iliyokosewa, na katika programu huria (za bure na za wazi) kama darktable au RawTherapee unaweza kuirekebisha mwenyewe hadi weupe urudi. Nimewaona watu wakiifuta waridi hiyo kwa brashi, picha baada ya picha, harusi nzima, na wakimtoza mteja muda huo.

Weusi ukikosewa, vivuli hupata utandu wa zambarau. Dawa yake ni ya namna hiyohiyo.

Tena kamera moja yaweza kuwa na majibu mawili. Nikon Z9 huandika NEF, faili ghafi za Nikon, kwa mgandamizo usiopoteza kitu, na pia kwa ule uitwao High Efficiency, uliotokana na teknolojia ya kampuni ya intoPIX. Programu huria zilizoufungua wa kwanza zilikwama kwa wa pili. Canon walianza kutumia CR3, aina yao ya faili ghafi, kwenye EOS M50 mwaka 2018, na darktable haikuweza kuzifungua faili hizo hadi toleo la 3.8, Desemba 2021. Kwa hiyo anayeuliza kama kamera fulani inatambuliwa, na asitaje toleo la programu wala aina ya mgandamizo aliyoichagua kwenye menyu, bado hajauliza.

Mtu wa pili atasema: geuza kila kitu kiwe DNG, shughuli imekwisha. DNG, aina ya faili ghafi ambayo kampuni ya Adobe waliitoa mwaka 2004, hubeba ndani yake vikomo vya weusi na weupe pamoja na vipimo vya rangi, na ndiyo maana programu yao ya Lightroom 6, iliyopata sasisho lake la mwisho Desemba 2017, bado inaweza kufungua picha za kamera zilizozaliwa baadaye zikishapitia kigeuzi cha bure cha Adobe. Ni njia ya halali na huwashauri wenye kompyuta kuukuu waitumie. Lakini vipimo vilivyomo ni vya Adobe, na programu nyingine iliyoipima kamera yako kwa faili zake za asili huweza kuikataa DNG iliyogeuzwa.

Kuhusu rangi nina shaka ambayo siifichi. Programu mbili, zote zikiwa zimeipima kamera yangu ipasavyo, hunipa wekundu mbili tofauti za khanga moja, na hata nikiwa na khanga yenyewe mkononi siwezi kuapa ni ipi iliyo sahihi, maana mwanga wa chumbani kwangu si mwanga wa pale picha ilipopigwa. Mimi huchagua ile atakayoikubali mwenye khanga.

Tuje kwenye lensi. Programu huitambua lensi kwa namba iliyoandikwa ndani ya faili, na katika Canon namba moja hutumiwa na lensi kadhaa, zikiwemo za Sigma na Tamron, kwa hiyo programu huweza kukuchagulia lensi isiyo yako na kuinyoosha picha kwa vipimo vya nyingine. Lensi kuukuu isiyo na viunganishi vya umeme haijitambulishi kabisa, na huna budi kuichagua kwa mkono. Lensfun, hazina huria ya vipimo vya lensi, hutegemea watu wa kujitolea wanaopiga picha za majengo yenye mistari iliyonyooka. Ukitaka kujaribu lensi yako, tafadhali usiende Mji Mkongwe: kuta za mawe na chokaa hazijanyooka, na utairekebisha lensi kwa kosa la fundi wa kale. Nenda Michenzani. Yale majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964 hayana mpinzani kwa kazi hii.

Na lensi ikishatambuliwa, si lazima urekebishe. Lensi pana ikinyooshwa mistari yake, vilivyo pembeni huvutwa nje. Mlango wa nakshi utakushukuru, lakini katika picha ya ukoo, shangazi aliyekaa mwisho wa mstari ataongezwa upana ambao hakuja nao. Picha za namna hiyo huziacha zipinde kidogo, na hakuna shangazi aliyewahi kunilalamikia kuwa ukuta wa nyuma yake una tumbo.

Kama kamera yako haimo kwenye orodha ya programu huria, lipo jambo la kufanya. Tovuti ya raw.pixls.us hukusanya sampuli za faili ghafi kwa ajili ya watengenezaji wa programu hizo. Itazame kwanza, kwani huenda modeli yako imo lakini mgandamizo unaoutumia wewe haumo, kisha uwapelekee picha moja kwa kila mgandamizo na kila idadi ya biti ambayo kamera yako inaitoa, kama ilivyotoka kwenye kadi, bila ya kupitishwa katika programu yoyote.