Kwilti ni nini? Tazama mshono kabla ya viraka

Hapa Nairobi neno kwilti limeanza kutumika kwa kila kitu chenye vipande. Kitambaa cha meza kilichoungwa kwa vitenge vya rangi sita kinauzwa kwa jina hilo. Mkoba wa mabaki ya leso, kwilti. Koti la vipande vya jinzi kuukuu, kwilti. Hata duveti ya kiwandani iliyochapwa picha ya viraka, ambayo yenyewe haina kiraka hata kimoja, inaitwa kwilti. Mtu akienda kwenye maonyesho akiwa na maana hiyo kichwani, husimama mbele ya kazi iliyomchukua mwenzake miezi, akasema "viraka vimepangwa vizuri," akasogea kwenye nyingine. Ameona uso tu. Inaniuma, kwa sababu sehemu kubwa ya jasho la mshonaji imepita mbele ya macho yake bila kuonekana.

Maana yenyewe si ndefu. Kwilti ni matabaka ya nguo, kwa kawaida matatu, yaliyoshikanishwa kwa mshono unaopenya kutoka juu mpaka chini. La juu ni uso, la kati ni pamba au sufu au faiba iliyotandazwa, la chini ni mgongo. Kandokando hupitishwa utepe wa kitambaa ili nyuzi zisifumuke. Mfarishi uliotandikwa vitandani kule pwani ni ndugu yake wa karibu. Ukiondoa matabaka na mshono wa kupenya, ukabaki na vipande vilivyoungwa, hicho ni kitambaa cha viraka. Ni kazi halali, na mara nyingi inapendeza, ila ni kitu kingine.

Viraka ni njia moja tu ya kupata uso. Vina ugumu wake, sikatai. Pindo huwa robo inchi, na ukikosea upana wa uzi mmoja katika kila muungo, vipande ishirini baadaye mraba wako haufungi. Lakini uso unaweza kuwa kitambaa kizima kisichokatwa popote, na bado ikawa kwilti kamili. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kuna kwilti iliyotengenezwa Sicily mwishoni mwa karne ya 14. Ni ya kitani, na imejaa picha za watu, farasi na merikebu kutoka hadithi ya Tristan, shujaa wa masimulizi ya kale ya Ulaya. Picha hizo hazikupakwa rangi, wala hakuna kiraka kilichobandikwa ili kuzipata. Zote zimetokana na mshono, na pamba iliyosukumwa katikati ya nguo mbili ili maumbo yainuke. Anayedhani kwilti maana yake ni viraka, kazi hiyo, mojawapo ya kongwe zilizobaki duniani, hana jina la kuiita.

Mshono huo wa kupenya ulianza kwa sababu ya kawaida kabisa. Pamba ikilazwa kati ya nguo mbili bila kushikwa, huhama. Ukifua mara mbili tatu, yote imejikusanya pembeni ikawa bonge, na kwingine kumebaki nguo tupu. Mafundi wa magodoro ya sufi wanalijua hilo, ndiyo maana hupitisha sindano ndefu kutoka juu hadi chini na kukaza vifundo kila baada ya nafasi. Mshonaji wa kwilti hufanya jambo lilelile, ila kwa mistari. Na kwa kuwa mstari lazima upite mahali fulani, washonaji wakaanza kuuchagulia njia. Hapo ndipo sanaa ilipoingia, zamani sana kabla ya mtu yeyote kufikiria kuitundika kwilti ukutani. Katika jumba la makumbusho la British Museum, London, kuna vazi la farasi wa vita kutoka Sudan, la vipande vya pamba vya rangi mbalimbali vilivyojazwa sufi na kushonwa kwa mistari. Kazi yake ilikuwa kumkinga farasi dhidi ya mkuki na upanga. Aliyelishona alijua matabaka yakishikwa vizuri huzuia chuma. Hata hivyo alizipanga rangi zake kwa uangalifu.

Sasa sogea karibu na kwilti yoyote nzuri. Kila uzi unapozama huvuta uso kuelekea mgongo na kuacha kijibonde, na pamba ambayo haikubanwa hubaki imeinuka kando yake. Mwanga ukitoka ubavuni, kitambaa cheupe kisicho na pambo lolote hujaa vivuli. Mshonaji aliyekomaa huvipanga vivuli hivyo. Atabananisha mistari kuzunguka ndege, kisha atamwacha ndege mwenyewe bila mshono, naye atajitokeza kana kwamba amewekewa mto. Kwa mkono, walioiva hupata mishono kumi katika inchi moja, wakihesabu ile ya juu tu, na yote ya urefu mmoja. Kwa cherehani, hushusha yale meno yanayosukuma kitambaa, mikono miwili ikawa ndiyo inayoendesha kazi chini ya sindano. Mikono ikikimbia, mishono hurefuka. Ikizubaa, hujazana mahali pamoja. Mgongo wa kwilti huyaonyesha yote hayo waziwazi, kwa sababu huko nyuma hakuna maua ya kitenge ya kuufichia uzi. Ndiyo maana washonaji wenyewe wakikutana, jambo la kwanza wanaloomba ni kuipindua.

Kosa la kuangalia uso peke yake halikuanzia kwetu, na lina historia inayofaa kujulikana. Marekani, kwilti zilikuwa zikishindanishwa tangu zamani kwenye maonyesho ya kilimo, mfano wa yale yetu ya Jamhuri, majaji wakikagua mishono kama wanavyokagua maziwa na maboga. Kisha mwaka 1971 wakusanyaji wawili wa kwilti, Jonathan Holstein na Gail van der Hoof, wakatundika kwilti za Kimarekani kwenye kuta za Whitney Museum of American Art, New York. Walizichagua kwa jinsi zinavyoonekana ukisimama mbali: rangi, miraba, mistari, ukubwa. Waliangalia kidogo sana ustadi wa sindano, kwa sababu nia yao ilikuwa kuonyesha kwamba zinaweza kusimama sako kwa bako na michoro ya kisasa. Maonyesho yakasifiwa, na tangu hapo kwilti ikaanza kuzungumzwa majumba ya sanaa.

Nawashukuru kwa mlango walioufungua. Lakini mwaka 1973 mwanahistoria wa sanaa Patricia Mainardi aliandika makala ya kuwapinga, na naona alikuwa na haki. Alilalamika kwamba kwilti zilisifiwa kwa kufanana na kazi za wachoraji wanaume waliokuja baadaye, huku wanawake waliozishona wakichukuliwa kama watu wasiojulikana, ilhali wengi waliandika majina yao na tarehe kwenye kazi zao. Ona jinsi mambo hayo mawili yanavyokwenda pamoja. Ukiacha kuangalia mshono, unaacha pia kumwangalia aliyeshona, kwa sababu mkono wake unaonekana kwenye mshono kuliko mahali pengine popote.

Mfano ni mshonaji Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837. Mwaka 1886 kwilti yake ya visa vya Biblia ilionekana kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, na mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, akaitaka. Powers akakataa kuuza. Miaka michache baadaye hali ilipokuwa ngumu akakubali kuiachia. Alitaka dola 10 akapewa 5. Kabla ya kuondoka alieleza kila picha maana yake, Adamu na Hawa, Kaini na Abeli, ngazi ya Yakobo, na Smith akayaandika maelezo hayo. Baadaye Powers alirudi mara kadhaa kuitembelea kwilti yake. Leo iko katika makumbusho ya Smithsonian, Washington, na nyingine aliyoishona baadaye iko Boston. Tunazo picha na tunayo sauti yake kwa sababu mtu mmoja alisimama akauliza, akasikiliza mpaka mwisho.

Gee's Bend nayo inafundisha jambo jingine. Ni kijiji kilichozungukwa na mpindo wa mto Alabama, na wakazi wake wengi ni wazao wa watumwa ambao mpaka leo wana jina la Pettway, jina la aliyekuwa mwenye shamba. Kwilti zao zilionyeshwa Houston mwaka 2002, kisha Whitney mwaka huohuo, na mwaka 2006 zikatiwa kwenye stempu za posta za Marekani. Mojawapo ilishonwa na Missouri Pettway mwaka 1942. Mumewe alikuwa amefariki, akazichukua nguo zake za kazi akazishona kwilti, apate kumkumbuka na kujifunika kwa upendo wake. Mishono ya Gee's Bend mara nyingi ni mipana, wala haifiki kumi kwa inchi. Hilo haliipunguzii chochote. Ni mishono ya watu waliohitaji joto usiku huohuo, na ukiifuata kwa macho unaona mahali mshonaji alipoharakisha na mahali alipotulia.

Sisi wa huku tunayo sababu yetu ya kupata taabu mbele ya kazi kama hiyo. Kwetu kiraka kilikuwa alama ya shida: kaptula ya shule yenye madirisha mawili nyuma yaliyozibwa kwa kitambaa cha rangi isiyolingana. Mtu aliyekua akichekwa kwa kiraka, ukimwambia leo hicho ndicho sanaa na bei yake ni maelfu, lazima aulize, "Kwa blanketi?" Simlaumu. Namwomba tu aangalie kitu ambacho kaptula yake haikuwa nacho: mshono unaopenya matabaka.

Kuna watu wa damu yetu ambao wangemwelewa vizuri. Wasidi wa Karnataka, India, wengi wao ni wazao wa watu waliochukuliwa kutoka Afrika Mashariki karne nyingi zilizopita. Wanawake wao hushona kwilti ziitwazo kawandi kwa nguo zilizochakaa. Huanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, kipande baada ya kipande, kwa mshono mmoja wa kupiga moja kwa moja unaoshika kila kitu kwa pamoja. Pembeni huongeza vipande vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo phula, yaani maua, na bila hayo huhesabu kawandi kuwa uchi. Mara nyingi hakuna pamba katikati, ni nguo juu ya nguo. Kwa hiyo maana niliyotoa hapo juu inalegea kidogo kuhusu tabaka la kati. Kuhusu mshono hailegei hata kidogo.

Hata walioamua kuvunja kila kanuni waliibakiza hiyo. Quilt National, mashindano ya kwilti za sanaa yaliyoanza mwaka 1979 katika zizi la zamani la ng'ombe wa maziwa huko Athens, Ohio, yanapokea kazi ambazo bibi zetu wasingezitambua. Masharti yake lakini hudai matabaka angalau mawili yaliyoshikwa pamoja, hasa kwa mshono. Bisa Butler, mshonaji wa Marekani ambaye baba yake ni mzaliwa wa Ghana, huunda sura za watu kwa vitambaa vya jamii ileile ya vitenge tunavyonunua Biashara Street. Jumba la makumbusho la Art Institute of Chicago lilimfanyia maonyesho yake mwenyewe kuanzia mwaka 2020. Wengi husifu vitenge, na kweli ni vya kusifiwa. Sogea, utaona mistari ya uzi ikipita juu ya shavu na kope, na ndiyo inayoipa ngozi uhai.

Basi kusema kwilti ya kitandani ni ufundi na ya ukutani ndiyo sanaa ni kukosea kwa njia nyingine. Hapa Nairobi tunao watu wa kutusahihisha kwa macho. Kenya Quilt Guild wamekuwa wakifanya maonyesho, na Amani ya Juu, mradi ulioanza mwaka 1996 kwa kina mama wakimbizi, unashona kwilti pamoja na vitu vingine. Ukienda kuona kazi kama hizo, usiguse bila ruhusa, mafuta ya vidole huharibu. Simama ubavuni badala ya mbele. Kama mshonaji yuko, mwombe akuonyeshe mgongo. Atafurahi zaidi kuliko ukimwambia rangi ni nzuri.

Na kile kitambaa cha vitenge ulichonunua, kiite kitambaa cha viraka, hakitaona haya. Ukitamani kiwe kwilti, njia ipo: nunua pamba na kitambaa cha mgongo, mpelekee fundi mwenye subira, yapigeni bandi, yaani mshono wa muda, yale matabaka yatulie, kisha kaeni chini mkubaliane mistari ipite wapi.