Asilimia 800 si asilimia 50 kwa mwaka

Kila benki zinapotangaza gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa), hesabu hii hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp: "Ungeweka milioni moja kwenye hisa za benki ya NMB mwaka 2008, 2024 ungekuwa na milioni tisa. Faida asilimia 800 kwa miaka 16, yaani asilimia 50 kila mwaka. Hatifungani ya nini tena?" Mpaka kwenye 800 hakuna tatizo. Kuanzia kwenye "yaani" hesabu imeharibika, na bahati mbaya hiyo "yaani" ndiyo watu wanayoibeba.

Maana kwanza, kwa haraka. Faida ya jumla ya hisa ina vipande viwili: bei kupanda (au kushuka) na gawio lililolipwa njiani. Tunapoipigia hesabu ya kudhania, tunajifanya tulinunua siku fulani, hatukuuza, tukafika siku nyingine fulani. Kiwango cha mwaka ni ile asilimia moja ambayo ukiizidisha mwaka juu ya mwaka inaitoa pesa ya mwanzo na kuifikisha kwenye pesa ya mwisho. Neno la kushika ni kuzidisha. Si kugawanya.

Sasa namba zenyewe. Mwaka 2008 serikali iliuza asilimia 21 ya NMB kwa wananchi, shilingi 600 kwa hisa, na Novemba mwaka huo hisa zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Milioni moja ilinunua hisa 1,666 na chenji ikabaki. Mwaka 2024 hisa hiyo ilikuwa inauzwa kwenye 5,400, kwa hiyo hisa 1,666 ni kama milioni tisa. Bei imekuwa mara tisa. Ongezeko ni asilimia 800. Sawa kabisa.

Halafu anakuja bwana wetu na kikokotoo: 800 gawanya kwa 16, jibu 50. Mjaribu kwa njia rahisi. Mwambie aanze na 600, aongeze asilimia 50, jibu aliongeze tena asilimia 50, hivyo hivyo mara 16. Atafika kwenye shilingi 394,000 kwa hisa moja. Milioni yake ingekuwa zaidi ya milioni 650. Hakuna hisa ya NMB iliyowahi kuuzwa 394,000, kwa hiyo hiyo 50 haikuwepo popote, hata mwaka wa wastani.

Kiwango kinachoifikisha 600 kwenye 5,400 kwa miaka 16 ni kama asilimia 14.7. Watu wakiambiwa hivi hununa, wanaona wamepunjwa. Hawajapunjwa hata senti, milioni tisa ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba asilimia 14.7 ya mwaka wa kumi haihesabiwi juu ya ile 600 ya mwanzo, inahesabiwa juu ya bei iliyofikiwa mwaka wa tisa. Ni kama mbuzi: hazai yule wa kwanza peke yake, na watoto wake wanazaa. Kwa kiwango hicho hicho kimoja, mwaka wa kwanza bei inaongezeka shilingi 88, mwaka wa kumi na sita inaongezeka karibu 690, zaidi ya ulivyolipia hisa nzima. Anayegawanya kwa 16 anaipa miaka yote nyongeza sawa ya shilingi 300, kisha anaiita asilimia 50 kwa sababu bado ameikodolea macho ile 600.

(Soko lenyewe halikupanda kwa ngazi zilizonyooka hivyo. Kuna kipindi kirefu, kuelekea 2020 na baada yake, bei ya NMB ilikaa 2,340 kama imepigiliwa misumari. Kiwango cha mwaka ni mstari tunaouchora baadaye, si historia ya bei.)

Nini kinaniudhi hapa, maana wengine wataona ni ubishi wa walimu wa hesabu? Kinachoniudhi ni ulinganisho unaofuata. Hatifungani ya serikali ya miaka 20, ambayo ni mkopo unaoipa serikali, ilikuwa inatoa kuponi (riba) ya asilimia 15.49 kwa mwaka mpaka serikali ilipopunguza viwango mwaka 2022. Anayeweka 50 kando ya 15.49 anaona waliokopesha serikali ni wajinga. Anayeweka 14.7 kando ya 15.49 anashtuka, kisha anauliza: na gawio je? Huyo wa pili ndiye ameanza kufikiri, kwa sababu gawio ndilo lililoachwa nje ya ile hesabu ya kwanza. Mpiga kelele wa asilimia 50 ametia chumvi upande mmoja na kujipunja upande wa pili bila kujua.

Kwa faida ya mwaka 2020 NMB ililipa shilingi 137 kwa hisa, ya 2021 ikalipa 193, ya 2022 ikalipa 286, ya 2023 ikalipa 361, ya 2024 ikalipa 428.85. Hizo tano tu zinazidi 1,400. Toa kodi ya zuio (inayokatwa kabla gawio halijakufikia) ya asilimia 5 kwa kampuni zilizo sokoni, bado unapata zaidi ya mara mbili ya bei uliyonunulia, na hisa bado unazo. Wanaopiga hesabu kamili huenda mbele zaidi, wanadhani kila gawio lilinunua hisa nyingine siku ile ile lilipolipwa. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa dalali kuna kamisheni, na hisa za NMB kwa miaka mingi hazikuwa kitu cha kuamka asubuhi ukakuta muuzaji anakusubiri.

Halafu kuna suala la nani aliyeichagua NMB. Aliichagua mtu wa 2024, akijua mwisho. Chukua benki ya CRDB, iliyoingia sokoni Juni 2009 kwa shilingi 150. Mwaka 2015 iliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa 350. Mwaka 2019 ilikuwa inauzwa chini ya 100. Ungepiga hesabu ile ile ya "ungenunua" mwaka huo, aliyesubiri miaka kumi alikuwa na hasara kwenye bei, na wa 2015 usimuulize kitu. Mwisho wa 2024 bei ilikuwa imepita 600, na wapiga hesabu wakarudi. Benki ile ile, hisa zile zile, imesogezwa tarehe ya mwisho tu. Huko Kenya, waliokuwa na hisa za National Bank walipewa hisa moja ya KCB, benki iliyoinunua, kwa kila hisa kumi mwaka 2019. Sijaona mtu akiwapigia mahesabu ya milioni moja. Na anayelinganisha bei za zamani za benki ya Equity na za sasa akumbuke kwamba mwaka 2009 kila hisa iligawanywa kuwa kumi, vinginevyo ataona hasara pasipo hasara.

Kuna moja limebaki, dogo, ila linazidi kusambaa: "NMB inatoa gawio la asilimia 60." Limetoka kwenye 361 gawanya kwa 600. Kwa aliyenunua 2008 na kushikilia, ni kweli gawio la mwaka huo ni asilimia 60 ya pesa aliyotoa mfukoni wakati ule. Kwa aliyenunua kwa 5,400 mwaka 2024, ni 361 gawanya kwa 5,400, karibu asilimia 6.7 kabla ya kodi. Ukimwandikia anayetaka kununua leo, ndugu yangu, gawanya kwa bei ya leo, maana hisa za shilingi 600 hakuna anayeuza.