Je, wajua kwa nini nyumba za Dayton ni bei ya chini hivyo, na kwa nini watu wetu wanahamia huko?

Ukiwa unaishi Boston au Seattle afu ndugu yako akakutumia picha ya nyumba ya vyumba vitatu, ina uwanja nyuma na gereji, anakuambia hii tumenunua, kitu cha kwanza utakachodhani ni kwamba katapeliwa. Lakini inawezekana kabisa. Takwimu za sensa ya Marekani za miaka ya karibuni zinaweka thamani ya nyumba ya kawaida pale Dayton, jimbo la Ohio, kwenye dola 100,000 hivi au pungufu, wakati ukichukua nchi nzima inapita dola 300,000. Sasa kwa nini? Na kwa nini Wakongo, Wanyarwanda, Warundi, watu waliokaa kambi za wakimbizi za Nyarugusu kule Tanzania au Nakivale kule Uganda miaka na miaka, unawakuta leo kwenye miji ya Ohio, Iowa na Illinois ambayo hata wakati wa intavyuu za ukimbizi hawakuwahi kuisikia?

Jibu la swali la kwanza ni hili: mji ulijengwa kwa ajili ya watu wengi kuliko waliopo. Mwaka 1960 Dayton ilikuwa na watu 262,000. Sensa ya 2020 ikahesabu 137,600 hivi, yaani karibu nusu ya watu wameondoka. Watu huondoka lakini nyumba haziondoki, zinabaki pale na paa zake na mabomba yake zikisubiri mtu, na kitu kikiwa kingi kuliko wanaokitaka bei inashuka, hakuna uchawi.

Waliondoka kwa sababu gani ndiyo sehemu ambayo kila anayefikiria kuhamia miji kama hii anatakiwa kuielewa vizuri, manake hapo ndipo uzuri na hatari vinapokutana. Dayton ilikuwa mji wa mafundi kwelikweli. Ndugu wawili wa familia ya Wright, waliorusha ndege ya kwanza mwaka 1903, walikuwa na duka lao la baiskeli hapo. Kampuni ya NCR ilianza hapo 1884 ikitengeneza zile mashine za kuhesabia pesa dukani, ikakua mpaka ikaajiri maelfu kwa maelfu ya watu. Friji za Frigidaire zilitengenezwa hapo, na ile stata ya umeme ya gari, iliyotuondolea kazi ya kuzungusha hendeli, ilitoka kwa Charles Kettering na wenzake hapohapo. Mtu alikuwa anamaliza sekondari Ijumaa, Jumatatu yuko kiwandani, na baada ya muda ana nyumba yake.

Afu ikaanza kubomoka kidogokidogo. Mashine za NCR zilizokuwa za chuma na meno ya gia zikapitwa na za elektroniki ambazo hazihitaji mikono mingi, miaka ya 70 watu wakapunguzwa kwa wingi. Kiwanda cha magari cha General Motors pale Moraine, kando tu ya Dayton, kikafungwa tarehe 23 Desemba 2008, siku mbili kabla ya Krismasi. Mwaka 2009 NCR nayo ikatangaza inahamishia makao yake makuu jimbo la Georgia, baada ya miaka 125. Wenye uwezo wakafuata kazi sehemu nyingine, wengine walikuwa wameshahamia vitongoji vya nje tangu zamani, mitaa ya katikati ikabaki na nyumba zilizopigwa mbao madirishani.

Kwahiyo mtu akikuambia Dayton ni rahisi anasema ukweli, ila urahisi huo ni alama ya kazi zilizopotea. Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa sio nyumba shilingi ngapi, huwa ni kazi zipo za aina ngapi.

Na hapa Dayton wamefanya kitu ambacho mimi nakiheshimu sana. Oktoba 2011 baraza la mji lilipitisha mpango unaoitwa Welcome Dayton, wakasema wazi kwamba wahamiaji wakaribishwe, wasaidiwe kufungua biashara, ofisi za mji zijifunze kuongea na watu wa lugha nyingine. Miji mingi wakati ule ilikuwa inaelekea upande wa pili, inatunga sheria za kuwabana wageni. Dayton walipiga mahesabu wakaona mji usio na watu haukusanyi kodi na haujazi madarasa, na kuna watu wanatafuta pa kuishi. Waturuki wa Ahiska walikuwa tayari wanaingia. Hawa ni watu ambao Stalin aliwafukuza Georgia ya kule Caucasus mwaka 1944, wakatangatanga Uzbekistan na Urusi, Marekani ikaanza kuwapokea 2004 na kuwatawanya miji mbalimbali, wao wenyewe wakapigiana simu wakakusanyika Dayton. Walinunua nyumba mbovu za upande wa kaskazini wakazikarabati kwa mikono yao, wajomba na mashemeji pamoja, mtaa ukarudi kuwa mtaa. Na kile kiwanda cha Moraine kikanunuliwa 2014 na kampuni ya vioo vya magari ya Kichina, Fuyao, kikaanza tena kuajiri.

Watu wetu wamefika kwa njia hiyohiyo ya simu. Mkimbizi akiletwa Marekani hachagui sana mji, ajensi inampangia, inampokea airport, inamtafutia apatimenti, na ile huduma ya mwanzo kabisa imepangwa kwa siku 90. Zikiisha, familia inabaki na bili zake. Sasa wewe umewekwa mji ambao renti inakula mshahara wote wa baba na nusu ya mshahara wa mama, afu unapata simu kutoka kwa mtu mliyekuwa naye zoni moja kambini, anakuambia huku kwetu renti nusu ya hiyo, kuna kanisa wanaabudu kwa Kiswahili, kuna duka lina sombe na dagaa na unga wa muhogo, shemeji yangu anaweza kukuingiza kazini kwao. Utakaa? Wanaosomea mambo haya huita uhamaji wa pili, na huo ndio umejaza miji hii kuliko mipango ya serikali. Tena tangu Januari 2025, serikali iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, wanaohama ni zaidi wale walio ndani ya nchi tayari.

Kiswahili chenyewe kimesaidia. Kambi ya Nyarugusu kule Kigoma ilifunguliwa 1996, kuna mtoto wa Kikongo, wa Kibembe au Kifuliiru, aliyezaliwa pale, akakulia pale, kasoma pale, na Warundi waliokimbia 1972 walikaa Tanzania zaidi ya miaka 30 kabla ya maelfu kadhaa kuletwa Marekani kuanzia 2007 hivi. Hao wote wakikutana dukani Dayton, au Cedar Rapids kule Iowa, wanaelewana tangu salamu.

Dayton ni aina moja ya mji wa bei rahisi. Kuna aina nyingine, ule mji wa nyama, na nataka tuuangalie kwa makini. Zamani ng'ombe walisafirishwa wazima kwa treni mpaka Chicago, machinjio makubwa ya pale yalifunguliwa 1865 yakafungwa 1971. Kilichoyaua ni wazo la kampuni ya nyama ya IBP iliyoanzia Iowa mwaka 1960: peleka kiwanda kule ng'ombe aliko, mchinje na mkate vipande hukohuko, tia kwenye maboksi, safirisha kwa lori lenye friji. Kazi iliyokuwa ya bucha mwenye ujuzi ikagawanywa, mtu mmoja anakata sehemu moja shifti nzima, mishahara ikashuka, na viwanda vikawa kwenye vijiji ambavyo havina watu wa kutosha. Ndiyo sababu mpaka leo viwanda hivyo vinaita wageni: Walatino, Wabosnia, Waburma, Wasomali, Wakongo. Hawadai Kiingereza kingi, saa zinalipwa vizuri kwa anayeanza, overtaimu ipo. Lakini mabega na vidole vinaumia, na 2020 wakati wa Korona kiwanda cha nguruwe cha Tyson pale Waterloo, Iowa, wafanyakazi zaidi ya 1,000 waliambukizwa.

Hatari kubwa zaidi ni mji kuwa na mwajiri mmoja. Lexington, Nebraska, ina watu kama 11,000 hivi, na wengi wamehamia hapo kwa ajili ya kiwanda cha nyama, wakiwemo Wasomali wengi. Novemba 2025 Tyson, ambao walinunua IBP 2001, walitangaza wanakifunga mwezi wa kwanza 2026. Wafanyakazi 3,200. Fikiria umenunua nyumba pale kwa mogeji, yaani mkopo wa nyumba, ya miaka 30, kazi imeondoka, na kila jirani yako naye anataka kuuza wiki hiyohiyo. Bei inakuwa ya kutupwa na deni linabaki lilelile. Perry kule Iowa ilishapitia hivyo 2024, kazi 1,300 hivi zikaenda. Kwahiyo mimi ndugu yangu akiniuliza, namwambia mji mdogo sana wa kiwanda kimoja ni wa kupanga, sio wa kununua. Cedar Rapids, watu 137,000 hivi, ina Quaker Oats wanaosaga oti (oats), ina kiwanda cha vyakula cha General Mills, ina kazi za umeme wa ndege, ina hospitali mbili kubwa. Moja ikiyumba unavuka barabara. Dayton siku hizi nayo imejifunza, kuna hospitali, kuna maghala karibu na airport pale zinapokutana barabara za I-70 na I-75, kuna kambi kubwa ya jeshi la anga, ingawa kazi nyingi za kambi hiyo zinataka uwe raia.

Tuje kwenye mahesabu. Chukua mfano tu wa mtu anayelipwa dola 18 kwa saa, masaa 40, hiyo ni kama dola 3,100 kwa mwezi kabla ya makato. Kwenye mji wenye renti ya dola 2,500 huyo hawezi kuishi, kwenye mji wa renti ya 1,000 anapumua. Ila kuna vitu havionekani kwenye picha ya nyumba. Ohio miji mingi inakata kodi yake ya mshahara, Dayton ni asilimia 2.5, juu ya ile ya serikali kuu na ya jimbo. Illinois nyumba ni rahisi lakini kodi ya nyumba ya kila mwaka ni kati ya za juu kabisa nchini, watu wanashtuka bili ikija. Gari ni lazima. Dayton angalau kuna basi, tena mengine yanatumia nyaya za umeme juu, lakini shifti inayoisha saa saba usiku ghala la nje ya mji, basi halikufikishi. Baba na mama wakiwa na shifti tofauti ni magari mawili, na bima mbili.

Nyumba yenyewe ya bei ya chini mara nyingi ni ya zamani. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, kwahiyo nyumba iliyojengwa kabla ya hapo inaweza kuwa nayo kwenye madirisha na milango, ikibanduka mtoto anaokota anaweka mdomoni, na sumu hiyo inaharibu akili ya mtoto moja kwa moja. Nawaomba wazazi, hili msilipuuze. Mpeleke mtoto kliniki apimwe damu, ni kipimo cha kawaida, na kabla ya kununua muite mkaguzi aangalie rangi, paa, mabomba, na ule mtambo wa kupasha nyumba joto.

Huo mtambo ndio roho yako Januari. Tarehe 31 Januari 2019, Moline, Illinois ilifika nyuzi 36 chini ya sifuri za Selsiasi. Ngozi ikiwa wazi inaganda kwa dakika chache. Na kiangazi kina yake: tarehe 10 Agosti 2020 upepo uliokadiriwa kilomita 225 kwa saa uliipiga Cedar Rapids, umeme ukakatika siku nyingi, familia za wakimbizi wengi wao kutoka Afrika zikalala kwenye mahema nje ya apatimenti zilizobomoka. Watu waliokimbia kambi, wakarudi kwenye mahema Iowa. Bima ya mpangaji ni dola chache kwa mwezi na inalipia vitu vyako vikiharibika, wengi wetu hatuna kwa sababu hakuna aliyetuambia.

Ukiamua kwenda, nenda kwanza ukatembee, na uende wakati wa baridi sio Julai. Lala kwa mtu, ingia kanisani au msikitini, waulize waliokaa miaka mitatu, usiwaulize waliofika mwezi uliopita. Medicaid, ile bima ya matibabu ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ni ya jimbo, ukivuka mpaka unaomba upya, hivyo mwenye dawa za kila siku ahame na akiba. Asiye raia anatakiwa kuijulisha idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10, na mwenye kesi mahakamani anaijulisha mahakama pia, manake barua ya tarehe ya kesi ikienda nyumba ya zamani jaji hatajua ulihama. Shule zitataka kadi ya chanjo ya mtoto na barua ya renti au bili yenye anwani yako, kwahiyo makaratasi hayo yote yakae kwenye begi la mkononi, yasipakiwe na mizigo kwenye lori.