Ushahidi wa utafiti katika uuguzi: dhana potofu na ukweli wake

Dhana iliyoenea zaidi, hata miongoni mwa wauguzi wenyewe, ni kwamba utafiti ni mambo ya maprofesa na madaktari bingwa, na kwamba muuguzi wa wadi, awe Malindi au kwengineko, wajibu wake ni kutekeleza aliyoambiwa. Ukweli ni kwamba ushahidi mwingi unaookoa maisha hupita mikononi mwa muuguzi, na asipoutumia yeye hubaki kwenye makaratasi. Mfano mzuri ni mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Damu hiyo imezoeleka kukadiriwa kwa macho, na macho huona kidogo kuliko kilichomwagika, hasa shuka na pamba zikishaifyonza. Katika utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023, mama alitandikiwa plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Damu ikifika mililita 500, au 300 pamoja na dalili nyingine za hatari, matibabu yote yalianza kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kuukaza mfuko huo), asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu), dripu, na kukagua damu inatoka wapi. Mahali utaratibu huo ulipofuatwa, matokeo mabaya zaidi, yaani kupoteza lita nzima ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa kuvuja damu, yalipungua kwa asilimia 60. Aliyekuwa akiusoma mstari ule ni mkunga wa zamu.

Wapo pia wanaoamini kwamba jambo lililofanywa miaka mingi na likaonekana kusaidia halihitaji kupimwa. Jibu la dhana hii lilitoka katika kaunti yetu wenyewe. Kilifi ilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti wa FEAST, uliohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliolazwa wakiwa na homa kali na dalili za damu kutozunguka vyema mwilini. Desturi ya matibabu, hasa katika nchi tajiri, ilikuwa kuwapa watoto kama hao maji mengi ya dripu kwa kasi, na kwa macho wengi walionekana kupata nafuu mapema. Hata hivyo, matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba ndani ya saa 48 walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliopewa maji hayo, na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Tofauti hiyo ni ya watoto watatu hivi katika kila mia, na hakuna muuguzi, hata awe na uzoefu wa miaka thelathini, anayeweza kuiona akiwa amesimama kando ya kitanda kimoja. Ieleweke kwamba watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha hawakuwamo katika utafiti huo, na tiba yao ni nyingine. Kujua mipaka ya ushahidi ni sehemu ya kuujua.

Si kweli pia kwamba ushahidi humpuuza mgonjwa na mila zake. Mwaka 1996 daktari David Sackett na wenzake walieleza kwamba matibabu yanayofuata ushahidi huunganisha utafiti bora, ujuzi wa mtoa huduma na matakwa ya mgonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unasema kitovu cha mtoto mchanga kiachwe kikavu na kisafi, na klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ipakwe tu mahali ambapo watu wamezoea kukitia vitu vyenye madhara, kama vile kinyesi cha wanyama. Basi muuguzi hawezi kuufuata mwongozo huo bila kukaa na mavyaa wa mzazi na kumuuliza kwa adabu: “Shikamoo mama. Kwenu nyumbani kitovu mwakitia nini?”

Dhana ya mwisho, nayo ndiyo inayoniuma zaidi, ni kwamba wauguzi hawataki mabadiliko. Tafiti za nchi nyingi zimewakuta wengi wao wakiunga mkono matumizi ya ushahidi, ila wakipungukiwa na ujuzi wa kutafuta na kupima tafiti, muda wa kuzisoma, na mamlaka ya kubadilisha utaratibu wa wadi. Semina ya siku moja huenda ikaongeza ujuzi kidogo. Muda na mamlaka hutoka kwa wale wanaopanga zamu na kutia saini taratibu za hospitali.