Anajua, ila hatendi: ADHD kwa watoto na watu wazima

"Daktari, huyu hana ADHD yoyote. Akipewa mchezo wa kompyuta hukaa saa tatu hajapepesa macho. Ni mkaidi tu." Wazazi wengi huniambia hivyo, na swali lao ni la haki, kwa hiyo nalijibu kwanza.

ADHD ni hali ya ubongo inayoleta kuzubaa, utukutu na papara. Mwenye hali hii ana umakini. Kinachomshinda ni kuuamrisha: kuupeleka anakotakiwa, kuubakiza hapo kazi inapochosha, na kuubandua kwenye kitu kitamu muda unapokwisha. Mchezo humpa ushindi mdogo kila baada ya sekunde chache, ilhali zoezi la hesabu faida yake iko mbali. Faida ya mbali huusukuma ubongo wake kwa nguvu ndogo kuliko unavyosukumwa ubongo wa wenzake, hata pale mwenyewe anapotamani sana kufaulu.

Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayopanga, inayozuia papara na inayoshikilia maelekezo kichwani hadi kazi iishe. Utendaji wake hutegemea sana dopamini na noradrenalini, kemikali ambazo seli za ubongo hutumia kupashana habari. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliofuatilia picha za ubongo wa watoto walionyesha kwamba gamba la ubongo la wenye ADHD hukomaa kwa mpangilio uleule kama wa wengine, ila kwa kuchelewa takriban miaka mitatu, hasa sehemu hiyo ya mbele. Ndiyo maana huwaomba wazazi wa mtoto wa miaka kumi wamsimamie kama wangemsimamia mdogo zaidi yake. Nasema kumsimamia tu. Akili yake inaweza kuwa kali kuwashinda sote.

Malezi mabaya hayaleti ADHD, wala sukari. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba asilimia 70 hadi 80 ya tofauti kati ya watu katika hali hii inatokana na urithi. Mara nyingi baba au mama huanza kujaza fomu ya mwanawe, akafika katikati, akanyamaza, kisha akaniuliza kama na yeye anaweza kupimwa.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha ADHD. Tunategemea historia. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili uliotolewa mwaka 2013, unataka dalili zisizopungua sita za kuzubaa, au sita za utukutu na papara, zilizodumu angalau miezi sita. Kwa mwenye miaka 17 na kuendelea zinatosha tano. Dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi, na ziwe zinamwathiri kweli. Mtoto anayesumbua shuleni tu na nyumbani ametulia, nitaichunguza shule kwanza. Huangalia pia masikio, macho, usingizi wa anayekoroma kila usiku, kifafa kinachomfanya azubae sekunde chache, na huzuni au hofu. Wasichana wengi hatuwagundui, kwa sababu wengi wao huzubaa kimya na hakuna anayelalamika.

Sasa msaada. Mtoto huyu anajua kwamba meno yanapigwa mswaki na daftari linarudi begini. Anakwama kati ya kujua na kutenda. Kwa hiyo mahubiri marefu hayamsaidii, na viboko ndiyo kabisa, maana vyote viwili vinamfundisha jambo analolijua tayari. Msaada uwekwe palepale anapokwama. Msogelee, mwite jina, akutazame, mpe agizo moja fupi. Akimaliza mpe la pili. Sifa itoke papo hapo na itaje alichofanya. Zawadi ya mwisho wa mwezi kwake ni kama haipo. Kazi ya shule ikatwe vipande vyenye mapumziko ya kuinuka na kutembea, na muda auone kwa macho kwenye saa iliyo mbele yake. Mwalimu amkalishe karibu naye.

Kwa walio chini ya miaka sita, huanza na kuwafundisha wazazi mbinu hizi kabla ya kufikiria dawa. Kuanzia miaka sita, dawa kama methilfenidati huwasaidia wengi, na siungi mkono kumnyima mtoto dawa kwa sababu ya maneno ya watu. Inaweza kupunguza hamu ya kula na kuchelewesha usingizi, hivyo tunaanza na dozi ndogo na kupima uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Dawa nyingine, atomoksetini, huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake zote. Hata hivyo dawa humfungulia mtoto nafasi ya kujipanga. Kujipanga kwenyewe lazima afundishwe.

Ukubwani, utukutu wa mwili hupungua na kuingia ndani: mawazo hayatulii, bili zinalipwa kwa kuchelewa ingawa pesa ipo, kazi tano zimeanzwa na hakuna iliyoisha. Kinachoniumiza zaidi ni aibu. Mtu ameitwa mvivu tangu utotoni hadi akaamini. Mwenzi wake naye huona kila ahadi iliyosahaulika kama dalili ya kutopendwa, na hilo huwa nalizungumza nao wote wawili. Dawa zipo kwa watu wazima pia, pamoja na tiba ya kisaikolojia inayolenga fikra na tabia. Usiitegemee kumbukumbu: andika papo hapo, mahali pamoja tu, na kengele ya simu ilie wakati wa kuondoka, siyo wakati wa kufika. Kazi inayokushinda ukiwa peke yako, ifanye mtu mwingine akiwa chumbani anafanya yake.

Ukiamua kwenda kupimwa, beba ripoti zako za shule ya msingi kama bado zipo, hasa maoni ya walimu. Kama hazipo, nenda na mtu aliyekulea, au akubali kupigiwa simu, kwa sababu mtaalamu atahitaji kujua ulikuwaje kabla ya miaka 12.